Zulia la Kwanza Tulinunue Wenyewe

Hapa Mowlem, Nairobi, sisi tunaoanzisha klabu ya matufe tumepewa ofa mbili, na mimi nataka tuzikatae zote. Ya kwanza imetoka kwa mwaniaji kiti mmoja aliye tayari kutununulia mazulia mawili ya kuchezea matufe, mradi jina lake lichapishwe ukingoni na yeye mwenyewe aje kuyazindua. Ya pili ni ya mwenye baa aliyetuahidi chumba chake cha juu, bila kodi, alasiri zote za wiki. Anajua kuwa wachezaji hupata kiu. Wote wawili wamezungumza nasi kwa heshima na sina ugomvi nao. Ila wenzangu wameanza kusema "cha bure hakikataliwi", na hao ndio ninaowaomba wanisikilize kabla ya kikao cha Jumamosi. Naliandika jambo hili gazetini kwa sababu ofa kama hizi hazitokei Mowlem peke yake. Zinafika Umoja, Kayole, Dandora na kokote ambako watu wa Eastlands wameketi wakaamua kuanzisha kitu chao.

Kwanza mchezo wenyewe. Wengine wakisikia matufe wanafikiria kurusha tufe kwenye riadha, na wengine wanafikiria ule wa kuangusha pini kumi katika majumba makubwa ya maduka. Si huo wala huo. Mpira mdogo, mweupe au wa manjano, unawekwa mbali. Kila mchezaji anaviringisha matufe yake kuuelekea, na tufe linalolala karibu nao zaidi ndilo linalompa mwenyewe pointi. Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja kila mtu hushika matufe manne. Tufe zito kabisa halizidi kilo 1.6. Ugumu uko kwenye umbo: upande mmoja umechongwa tofauti na wa pili, hivyo tufe likianza kuishiwa mwendo linapinda. Ukilipeleka moja kwa moja litapita kando. Inabidi ulitoe nje ya njia, ujue litarudi wapi, na uliache liende.

Haya niliyajifunza kwa marehemu mume wangu. Alitunza nyasi za uwanja wa matufe katika klabu moja ya wanachama, upande ule wa jiji wenye miti mingi. Alijua kila mteremko wa uwanja ule, hata ule ambao jicho halioni. Jioni akirudi nyumbani alikuwa akichukua limau jikoni na kuliviringisha sakafuni ili anionyeshe jinsi tufe linavyopinda. Miaka yote hiyo hakuwahi kucheza hata raundi moja. Hakuwa mwanachama, na uwanja ulikuwa wa wanachama. Hakulalamika, lakini mimi nililiweka moyoni, na sasa nimestaafu nina muda wa kulitoa.

Sisi hatuhitaji nyasi. Nyasi zinataka maji, na maji huku kwetu huja kwa mgao. Mwenye mtungi uliojaa hawezi kuumwagia uwanja. Kuna namna ya mchezo huu inayochezewa ndani, juu ya zulia lenye urefu wa kati ya mita 12 na 14 na upana usiofika mita mbili. Katikati ya zulia hulazwa kipande cha mbao ili asitokee mtu wa kufyatua tufe kwa nguvu na kutawanya ya wenzake. Mkimaliza mnalikunja zulia, mnaliegemeza ukutani, na ukumbi unabaki wa harusi au wa mkutano. Waingereza wana klabu nyingi za ndani za namna hii, na kuna mashindano ya dunia ya matufe ya ndani ambayo yalianza 1979 mjini Coatbridge, Scotland. Michezo ya Jumuiya ya Madola nayo imekuwa na matufe tangu ile ya kwanza ya mwaka 1930 kule Hamilton, Kanada, ikayakosa mara moja tu, Kingston, 1966. Kwenye ratiba ya Glasgow, 2026, mchezo huu umehamishiwa ndani ya ukumbi kwa mara ya kwanza, na wachezaji wenye ulemavu wana mashindano yao hapo hapo.

Nasema haya ili mtu asidhani tumebuni kitu cha kupotezea muda. Lakini sababu yangu haiko Glasgow. Iko kwenye ngazi za ghorofa zetu.

Mowlem tunaishi juu kwa juu. Ghorofa imeshikana na ghorofa, kamba ya nguo ya huyu inagusa dirisha la yule, na chini ni barabara, maduka na bodaboda. Kijana akitaka kucheza ana pa kwenda: kuna viwanja vya vumbi, kuna uwanja wa Kariobangi, kuna timu za mtaa, na tangu 1987 kuna MYSA, chama cha michezo ya vijana kilichoanzia Mathare. Mwanamume mzima ana drafti ya vifuniko vya soda pale steji, ana meza ya pool, ana runinga ya baa. Sasa niambieni, mwanamke wa miaka 63 aliyewalea wajukuu asubuhi nzima anakwenda kucheza wapi? Anakwenda kanisani, anakwenda chama, anakwenda matanga. Kote huko anakaa kitini. Mzee aliyepata kiharusi anayetembea na mkongojo naye anaketi kwenye kibaraza akihesabu matatu. Kijana wa kiti cha magurudumu wa ploti ya jirani hutazama mpira wa wenzake kwa mbali. Hawa wote watatu wanaweza kucheza matufe dhidi yangu kesho na wakanishinda, na hakuna atakayekuwa amewaonea huruma.

Na ni ndani, jambo ambalo kwetu ni kubwa. Kuanzia Machi hadi Mei mvua inakufungia mlangoni. Walioiona Aprili ya 2024, Mto Nairobi ulipofurika, hawahitaji kukumbushwa. Januari ni vumbi. Kiza kikiingia mtu wa umri wangu anataka awe ameshafunga mlango wake. Ukumbi wenye paa, taa na mlango unaofungika, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja alasiri, unatutosha kabisa.

Sasa nirudi kwenye ofa.

Kazi yangu yote nimeifanya kwenye vitabu vya hesabu vya sacco. Nimeona vyama vikikua na nimeona vikifa, na kifo chao mara nyingi hakikuanzia kwa mwizi. Kilianzia siku ambayo wanachama waliacha kujiona kuwa ndio wenye chama. Mfadhili akishanunua meza na viti, nani atathubutu kumuuliza mwenyekiti kiti kimoja kimekwenda wapi? Hakuna aliyetoa chochote, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa. Zulia lenye jina la mwaniaji litakuwa letu mpaka uchaguzi upite. Akishinda, klabu ni yake na wapinzani wake hawatakanyaga. Akishindwa, zulia litafuatwa na vijana wake jioni hiyo hiyo. Chumba cha baa nacho kitakuwa chetu mpaka apatikane mpangaji, na kabla ya hapo kitakuwa kimewafukuza akina mama wa kanisa na Waislamu wetu wote bila mtu kuwaambia neno.

Utamaduni wa harambee umetujengea shule na zahanati, siupuuzi. Lakini umetuzoesha pia kumsubiri mgeni rasmi. Hatuwezi kufungua hata choo bila mgeni rasmi.

Tazameni klabu zile za upande wa pili wa jiji. Nairobi Club ilianzishwa 1901, Parklands 1906, Muthaiga ikafunguliwa mwishoni mwa 1913. Walowezi na maofisa walizianzisha kwa ajili yao wenyewe, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba sinia. Ubaguzi huo ulikuwa dhuluma na ulistahili kufa. Ila kuna kitu walichokijua, nacho si siri ya rangi: walichanga wenyewe, wakaweka daftari la wanachama, wakaandika ardhi kwa jina la klabu, wakapiga kura. Walowezi hao hao walianzisha ushirika wa Lumbwa, leo Kipkelion, mwaka 1908. Katika biashara na katika starehe walitumia kanuni moja. Zaidi ya miaka mia imepita, magavana wamekuja na kuondoka, bendera imebadilika, uanachama umefunguliwa kwa wengine, na klabu zile bado zipo palepale.

Huku Eastlands mambo yalikwenda njia nyingine. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa na baraza la mji katika miaka ya 1940, na ukumbi wake ukawa mahali ambapo Waafrika walisikiliza siasa za uhuru. Tom Mboya alihutubia humo. Ni ukumbi wa fahari. Lakini wakazi walikuwa wapangaji wa jiji, ukumbi ulikuwa wa jiji, na ufunguo ulikaa kwa afisa wa jiji. Mpaka leo kumbi za kijamii ziko chini ya kaunti, na ukitaka kucheza humo unaanza kwa kumtafuta mwenye ufunguo.

Klabu zetu za mpira zilikaribia zaidi. AFC Leopards ilizaliwa 1964 na Gor Mahia 1968, zote mbili kwa nguvu ya vyama vya jamii na michango ya watu wa kawaida, makarani, mafundi, wafanyakazi wa reli. Hizo ni klabu za wanachama kweli, na Gor ikalibeba Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987. Wapenzi wake wamejaza Jogoo Road kwa nyimbo miaka yote hii. Hata hivyo, timu hizo mbili kubwa kuliko zote nchini hazina uwanja wao wa nyumbani. Zinapanga. Zimeshinda vikombe ambavyo klabu za nyasi za upande wa magharibi hazikuwahi kuviota, na bado hazimiliki mahali pa kuviweka. Kila uchaguzi wa viongozi unapokaribia, linazuka lile lile: nani ni mwanachama na nani si mwanachama? Uanachama bila daftari ni ushabiki tu. Hata jirani zetu wa Dar es Salaam, Simba, klabu ya 1936, walipomfungulia mwekezaji mlango, jambo walilolishikilia kwa meno ni asilimia 51 ibaki kwa wanachama. Na huwezi kuishika hiyo 51 ikiwa hujui wanachama ni akina nani.

Ndiyo maana nalipigania daftari kuliko ninavyolipigania zulia.

Sheria yenyewe haina mlima. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, katiba na viongozi, na cheti kinahuishwa kila baada ya miaka miwili. Baadaye, tukitaka kutambuliwa kama klabu ya michezo, kuna Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Tukikua zaidi tunaweza kwenda ushirika kamili, na huko nako ni watu kumi. Mimi nataka tuazime mapema mambo mawili ya sheria ya ushirika na kuyaandika kwenye katiba yetu tangu siku ya kwanza: kila mwanachama kura moja, awe na hisa moja au hisa kumi, na mtu yeyote asimiliki zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mtaji wote. Hilo la pili ndilo litakalotukinga na tajiri mwenye moyo mwema. Wale wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844 kwa mchango wa pauni moja moja, walikuwa watu wa mishahara midogo kuliko wengi wetu, na kura zao zilikuwa sawa.

Kuna mengine madogo ambayo watu huyaona ya kuchosha, na mimi ndiyo niliyoyaona yakiokoa vyama. Saini tatu kwenye kila pesa inayotoka, na watia saini wawili wasiwe wa nyumba moja. Michango yote ipite kwenye namba ya malipo ya klabu, kamwe isipite kwenye simu ya mtu. Daftari la mali: zulia, matufe, mbao ya katikati, hata ufagio, kila kimoja na namba yake na tarehe kilipoingia. Hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu asiye na miwani ataziona. Mwenyekiti asipite vipindi viwili. Na kifungu cha mwisho, ambacho watu huona haya kukiandika kama wanavyoona haya kuandika wasia: klabu ikivunjika mali isigawanywe, iende kwa kikundi kingine cha michezo cha mtaa huu. Hapo hakuna atakayekuwa na faida ya kuivunja.

Tuko watu 34 tuliojiandikisha. Pendekezo ni hisa moja Sh2,000, inayolipwa hata kwa Sh200 kwa mwezi. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu kwangu aliniuliza swali la haki kabisa: "Mama, na asiye na hata hiyo mia mbili?" Jibu lipo hapa hapa jirani. MYSA kwa miaka mingi imezipa timu pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, si kwa mabao peke yake. Sisi pia tuhesabu kazi. Anayefagia ukumbi, anayetandika na kukunja zulia, anayemsukuma mwenzake kwenye kiti cha magurudumu kutoka nyumbani, saa zake ziandikwe na zigeuzwe hisa kamili yenye kura kamili. Isiwe hisa ya msamaha.

Sh68,000 hazitaleta seti mpya kutoka ng'ambo, nakubali. Zitatupatia zulia moja, lililokatwa kutoka kwenye roli ya zulia nene la ofisi na kushonwa ukingo vizuri, kodi ya ukumbi ya kuanzia, na matufe ya mazoezi. Mafundi wa Light Industries pale Kariobangi South wanatengeneza kila kitu kuanzia masanduku ya bati hadi mashine za kusaga. Mwenye mashine ya kukereza atatukerezea matufe ya mbao ngumu. Kabla viwanda havijaanza kuyatengeneza kwa plastiki ngumu, dunia nzima ilicheza ya mbao. Hayatapinda sawasawa na ya kiwanda, lakini yatapinda, na sote tutajifunza nayo kwa usawa. Seti halisi itafuata tukishajua tuko wangapi tunaorudi kila wiki. Kuna wanaotaka tuanze na vyote. Hao ndio wanaotusukuma kwa mwaniaji, na siwalaumu, wanataka kitu kizuri. Nami nakitaka kizuri kile kitakachokuwepo 2030.

Jambo la "mchezo wa wazungu" nalisikia pia, hasa kutoka kwa vijana. Mpira wa miguu nao ulikuja na meli. Watu wetu wameucheza, wameuimba, wameufia, na leo hakuna anayeuuliza pasipoti. Tutaweka pia meza za drafti na ajua pembeni, maana si kila goti litakubali kuinama. Lakini zulia liwe katikati, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wainuke.

Kwa kaunti nina ombi moja tu. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti vifaa vya michezo na burudani, na kumbi nyingi za kijamii katika jiji hili hukaa zimefungwa alasiri za siku za kazi. Zifunguliwe saa hizo kwa vikundi vilivyosajiliwa, kwa ada inayojulikana, iliyobandikwa mlangoni, inayolipwa kwa risiti. Hatuombi bure. Tunaomba bei iliyoandikwa, ili mtu asilazimike kujuana na mtu.

Jumamosi nitapiga kura ya hapana mara mbili. Barua za kuwashukuru waliotupa ofa nimeshaziandika, na ndani yake nimewakaribisha wote wawili wanunue hisa moja moja kama sisi. Nitaomba nisiwe mweka hazina. Nafasi hiyo apewe mtu wa chini ya miaka arobaini, nami niwe mkaguzi wake. Daftari la wanachama lifunguliwe papo hapo na risiti namba moja iandikwe kabla hatujanywa chai. Kikao ni saa nane kamili, ukumbi ule ule mdogo tuliokutana mara ya mwisho. Njoo na nakala ya kitambulisho. Mlangoni kuna kidato kimoja, na vijana wa gereji wameahidi kuleta ubao wa kupandishia viti vya magurudumu.